Maswali kwa Fundi: Ufa uliofichwa na deheni

Swali

Mwalimu, salaam aleikum. Mimi na mwenzangu tuna karakana ndogo huku Kisauni. Tunatengeneza vifaa vya kuangalia maji kwenye matangi ya nyumba za kupanga: maji yakishuka pampu inawaka, tangi likijaa inazima. Programu tunaiandika kwa C na kompaila yetu, ile programu inayougeuza msimbo kuwa lugha ya mashine, ni GCC. Miezi miwili tumefanya kazi kwa -O0, yaani bila kompaila kuboresha chochote, kwa kuwa hapo ni rahisi kuifuata programu mstari kwa mstari, na -Wall, swichi ya maonyo ya kawaida, tumeiwasha tangu siku ya kwanza. Hatukuona onyo hata moja. Juzi, siku moja kabla ya kufunga kifaa kwenye ploti ya mteja, tukaiondoa -O0 tukaweka -O2, inayowasha uboreshaji. Hatukugusa kitu kingine. Likatoka onyo kwamba kigeu "kina" huenda kinatumika kabla ya kupewa thamani. Mistari yenyewe ni hii:

    int kina;
    if (sensa_iko_hai())
        kina = soma_kina();
    if (kina < KINA_CHA_CHINI)
        washa_pampu();

Mwenzangu asema hizo ni kelele za uboreshaji tu, turudi -O0 tufunge kazi, mteja anangoja. Mimi roho inakataa. Nani kati yetu ana haki? Na kwa nini onyo juu ya msimbo uleule litegemee -O gani tumeweka? Hakuna njia ya kulifanya litoke siku zote?

*Msomaji, Kisauni*

Jibu

Waleikum salaam, mwanangu. Roho yako haikukudanganya. Msifunge hicho kifaa kama kilivyo, na mwambie mwenzako kwa upole kwamba kurudi -O0 hakuondoi kosa, kunamfukuza shahidi.

Tuanze na tangi. Waya wa sensa uliopita juu ya dari, kwa hewa hii yetu ya chumvi, utaliwa na kutu na siku moja utakatika. Siku hiyo sensa_iko_hai() itajibu hapana, mstari wa kusoma utarukwa, na "kina" kitabaki na chochote kilichoachwa pale kwenye kumbukumbu na kazi iliyotangulia. Ikiwa ni namba ndogo, pampu itawaka na kuendelea kuwaka hata tangi likifurika. Ikiwa ni namba kubwa, pampu haitawaka kabisa, na wapangaji wataamka alfajiri hawana hata maji ya kutawadha, wamngoje muuza maji na mkokoteni wake wa mitungi.

Kuna dawa ya haraka ambayo najua itawajia kichwani: kuandika int kina = 0; na kuendelea na safari. Onyo litanyamaza papo hapo, kwa -O yoyote. Msifanye hivyo. Sifuri ni ndogo kuliko KINA_CHA_CHINI, kwa hivyo kila sensa itakapokufa pampu itawaka. Mtakuwa mmelichukua kosa la mara moja moja mkalifanya la kudumu, na kompaila haitakuwa na la kusema tena. Onyo lile linawauliza swali la kazi yenu: sensa ikifa, mwataka pampu ifanye nini? Lijibuni ndani ya msimbo:

    if (!sensa_iko_hai()) {
        zima_pampu();
        washa_taa_nyekundu();
        return;
    }
    int kina = soma_kina();
    if (kina < KINA_CHA_CHINI)
        washa_pampu();

Sasa hakuna njia ya kufika kwenye "kina" bila kusoma, na mlinzi wa ploti ataiona taa nyekundu kabla ya maji kuisha.

Nije kwenye swali lako kubwa, ambalo limenikaa moyoni miaka mingi.

GCC hufanya kazi kwa awamu. Kwanza inasoma mlichoandika na kukihakiki sarufi. Kisha inakigeuza kuwa lugha yake ya ndani, iitwayo GIMPLE, na baadaye inakiweka katika umbo la SSA, ambamo kigeu kila kinapopewa thamani mpya hupewa na jina jipya: kina cha kwanza, kina cha pili, kina cha tatu. Njia mbili zinapokutana, kama pale baada ya if yenu, hufungwa fundo linalosema: hapa kina ni ama kile kilichosomwa, ama kile cha mwanzo ambacho hakikupewa kitu. Mkaguzi akifika kwenye fundo hilo anaona upande mmoja ni mtupu, na onyo liitwalo -Wmaybe-uninitialized linazaliwa hapo. Lakini mkaguzi huyo amepangiwa kazi katikati ya hatua za uboreshaji. Mkisema -O0, hatua hizo hazipiti, naye hafiki. Kitabu cha maelezo cha GCC chenyewe kinasema waziwazi kwamba maonyo haya yanawezekana tu uboreshaji ukiwa umewashwa, kwa sababu bila huo kompaila haifuatilii hali ya vigeu.

Basi ule ukimya wa miezi miwili haukuwa cheti cha usalama. Hakuna aliyeangalia.

Wala si onyo hilo pekee. -Warray-bounds, linalokamata safu inayosomwa nje ya mipaka yake, hukamata zaidi likisaidiwa na uchambuzi uitwao -ftree-vrp, ambao huwashwa kuanzia -O2; bila uboreshaji hukamata sehemu tu. -Wnull-dereference, ambalo halimo hata ndani ya -Wall, linangoja -fdelete-null-pointer-checks, na hiyo huja na uboreshaji. -Wstrict-aliasing halina kazi mpaka -fstrict-aliasing iwashwe, yaani -O2, -O3 au -Os. Mtu anaandika -Wall akidhani amemwajiri askari wa zamu zote, kumbe askari huyo huja kazini kwa kutegemea swichi nyingine kabisa, ambayo haina herufi W ndani yake.

Hiyo ni nusu ya tatizo, na ndiyo nusu nyepesi. Nusu ya pili ni kwamba uboreshaji ukiwashwa unaweza pia kulificha kosa ambalo ungetaka ulifichue.

Mjomba wangu alikuwa fundi wa majahazi. Nikiwa msichana nilimpelekea chai ya tangawizi na mahamri pale vyombo vilipopwelezwa wakati wa bamvua, maji yametoka mbali na jahazi limelala ubavu. Deheni, ule mchanganyiko wa chokaa na shahamu unaopakwa chini ya chombo, ilikuwa tayari pembeni, na vijana walikuwa na haraka maana maji hurudi. Hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Mjomba alipita kwanza ubao kwa ubao, kidole gumba mbele na msumari nyuma, akitafuta mahali kalafati, ile pamba ya kuziba mianya, ilipolegea. Aliponiona nashangaa kwa nini anawachelewesha watu, aliniambia: ukishapaka, kila ubao ni mzima.

Neno hilo nililielewa upya nikiwa mtu mzima, nimeajiriwa kuandika programu ya mizani ya samaki. Samaki walipimwa ama juu ya sahani ya mizani, ama ndani ya karai. Karai lilikuwa na gramu 1,200, na mpimaji alibonyeza kitufe ili uzito wake uondolewe:

    int karai;
    if (kitufe_cha_karai())
        karai = 1200;
    uzito = jumla - karai;

Sikuandika la kufanya kitufe kisipobonyezwa. Mezani kwangu, kwa -O0, mizani ilipima sawasawa, kwa kuwa pale kwenye kumbukumbu palipokaa "karai" palitokea kuwa na sifuri. Toleo la kupeleka kazini nililijenga kwa -O2, -Wall ikiwa imewashwa. Halikutoka onyo. Nikalipeleka. Wiki ile ile mama mmoja aliyeleta nguru wa mumewe aligoma kuondoka kwenye mizani. "Mwanangu, huyu nyumbani ni kilo tatu kamili. Hapa umeandika moja na gramu mia nane. Mizani yenu yala samaki."

Alisema kweli. Kila samaki aliyepimwa bila karai alikatwa gramu 1,200 za karai ambalo halikuwapo. Tulikaa na daftari siku nzima, jina kwa jina, tukiwarudishia watu haki yao. Nguru wa kilo tatu ni ada ya shule ya mtu. Sijasahau uso wa yule mama mpaka leo.

Kilichotokea ndani ya kompaila ni hiki. Ilipofika kwenye fundo iliona upande mmoja 1200, upande wa pili hakuna kitu. Kwa sheria za C, programu inayotumia kigeu kama hicho kabla ya kukipa thamani haijahakikishiwa lolote, kwa hivyo kompaila ina ruhusa ya kudhani itakavyo, na dhana nyepesi kuliko zote ni kwamba pande zote mbili ni 1200. Ikalifungua fundo ikaandika 1200 moja kwa moja. Mkaguzi wa maonyo alipokuja nyuma yake, fundo halipo. Alikuta namba safi, imepakwa vizuri. Tabia hii imeandikwa kwenye daftari la hitilafu la GCC tangu mwaka 2004, nambari 18501.

Tazama basi ubaya wake. Kwa -O0 hakuna aliyeangalia. Kwa -O2 aliyeangalia alichelewa. Hakuna kiwango ambacho kingeniambia ukweli, na mimi niliujaribu msimbo wangu kwa vyote viwili nikajiona mwangalifu.

Ninaloliamini ni hili, na nalisema bila kusita: onyo ni maneno ambayo kompaila inamwambia aliyeandika, kuhusu alichoandika. Mwandishi aliandika mistari minne. Ile mistari haibadiliki kwa sababu mtu amebonyeza -O2. Kwa hivyo ukaguzi unaozaa onyo ufanyike juu ya ubao wenyewe, kabla ya deheni, na ufanyike kila mara, hata kama hakuna deheni itakayopakwa.

Na hilo si ndoto. Clang, kompaila ya C ya mradi wa LLVM, hulifanya hivyo kwa onyo hili. Inachora ramani ya njia za kila funksheni kutokana na msimbo uleule ulioandikwa, na inapita njia hizo kabla ya kutengeneza chochote cha kuboreshwa. Ukiipa mistari yenu, itasema kwa -Wall kwamba "kina" kinatumika bila thamani kila sharti la if linapokuwa si kweli. Itasema hivyo kwa -O0, kwa -O2, na hata kwa -fsyntax-only, ambapo haitengenezi programu yoyote, inasoma na kuhakiki tu. Mizani yangu nayo ingekamatwa hivyo hivyo. Java, lugha nyingine ya programu, imekwenda mbali zaidi: kanuni ya kwamba kigeu cha ndani lazima kiwe kimepewa thamani kabla ya kusomwa imeandikwa ndani ya lugha yenyewe, sura ya 16 ya maelezo rasmi ya lugha, na msimbo unaoivunja haupiti. Uboreshaji wa Java mwingi hufanyika baadaye kabisa, programu ikiwa inatembea, kwa hivyo hauna nafasi ya kulizima neno hilo.

Kwa karakana yenu, mpaka hapo GCC itakapobadilika, fanyeni hivi. Endeleeni kufanyia kazi -O0 kama mlivyozoea, lakini kila mnapohifadhi kazi ya siku, jengeni mara ya pili kwa swichi zilezile za toleo la mteja, kisha mpitisheni Clang, na someni maonyo ya safari zote tatu:

    gcc -O0 -g -Wall -Wextra -c pampu.c -o pampu_d.o
    gcc -O2 -Wall -Wextra -c pampu.c -o pampu.o
    clang -fsyntax-only -Wall -Wextra pampu.c

Mstari wa tatu ndio wenye thamani kubwa kwenu. Kama msimbo wa sensa unahitaji faili za chipu ambazo Clang ya kompyuta yenu haizijui, tengeni hesabu na maamuzi ya pampu kwenye faili lake, msichanganye na mambo ya waya na pini. Faili hilo litakaguliwa popote. Na kitu kimoja kwa wale wanaotumia Arduino, maana nao huniuliza: programu za bodi zake zenye chipu za AVR hujengwa kwa GCC na -Os, lakini kwenye mapendeleo ya programu maonyo huja yakiwa yamezimwa. Yawasheni kabla ya kuniandikia kwamba hamjaona onyo.

Swali

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi, nakaa Tudor. Niliwahi kukusikia ukisema maonyo yakaguliwe mbele, kabla ya uboreshaji. Kama ni rahisi hivyo, kwa nini waliotengeneza GCC hawakufanya? Je, hakuna kinachopotea?

*Msomaji, Tudor*

Jibu

Marahaba, mwanangu. Umeuliza lile ambalo watu wazima hulikwepa. Kinapotea, tena si kidogo.

Mkaguzi aliyekaa nyuma, baada ya uboreshaji, anaona mbali. Chukua funksheni ndogo inayopewa anwani ya kigeu ili ikijaze, soma(&kina), na ndani yake kuna njia moja inayorudi na kosa bila kujaza. Kwa -O2 GCC huweza kuuchukua mwili wa soma na kuumimina mahali ulipoitwa, na hapo njia mbovu inaonekana wazi. Clang, ikishaona anwani ya kigeu imepewa mtu mwingine, huacha kukifuatilia, kwa kuwa kutoka pale ilipo haijui kilichofanyika ndani. Ukihamisha ukaguzi wote mbele, makosa ya namna hii yatapita.

Upande mwingine ni maonyo ya uongo. Tazama:

    int bei;
    if (mteja_mpya)
        bei = soma_bei();
    andika_jina();
    if (mteja_mpya)
        tuma(bei);

Wewe na mimi tunaona kwamba masharti mawili ni mamoja, hakuna hatari. Mkaguzi wa nyuma wa GCC ana ujuzi wa kulinganisha masharti na mara nyingi atanyamaza ipasavyo. Mkaguzi wa mbele anayepita njia tu hana ujuzi huo. Wenzetu wa Clang walitatua kwa kuchagua: kwa -Wall wanasema pale tu ambapo kuna tawi ambalo ukilipita utafika kwenye kosa bila shaka, lile la "huenda" wameliweka kando kwa jina lake, -Wconditional-uninitialized, na halimo ndani ya -Wall. Ukilitaka uliombe.

Na maonyo ya uongo yana gharama ambayo mwanafunzi haioni mpaka aingie kazini. Mwezi wa Mei 2020 Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, alilizima -Wmaybe-uninitialized katika ujenzi wa kawaida wa Linux, kuanzia toleo 5.7, alipohamia GCC 10 akakuta maonyo mapya ya uongo yanafunika ya kweli. Kabla ya hapo walikuwa wakilizima kwa baadhi ya mipangilio ya uboreshaji na kuliacha kwa mingine, wakikimbizana nalo toleo kwa toleo. Mradi mkubwa kiasi kile, wenye watu makini kiasi kile, uliona afadhali kukosa onyo kuliko kuwa na onyo lisilotabirika. Mimi hilo linanisikitisha, kwa sababu yale ya kweli nayo yalizimwa pamoja.

Ndiyo maana nataka kazi igawanywe. Yale yanayoweza kuamuliwa kwa kusoma funksheni moja, mistari kama ilivyoandikwa, yakae mbele, ndani ya -Wall, na yatoke sawasawa kwa kila -O. Yale yanayohitaji kuona mbali, kupita kutoka funksheni hadi funksheni, yawe na mlango wao na jina lao, na yajitegemee. GCC imeanza kwenda huko: mwaka 2012, katika toleo 4.7, ilitenga "huenda" na "hakika" kuwa maonyo mawili, na toleo 10 la mwaka 2020 lilileta -fanalyzer, mchambuzi unayemwita kwa makusudi, anayefuata njia kupitia funksheni nyingi na kukuonyesha hatua kwa hatua alivyofika kwenye kosa. Anachukua muda na kwa C++ bado si wa kutegemea, lakini unajua umemwita au hukumwita. Hiyo ndiyo tofauti ninayoijali.

Kwa mtu anayejifunza, ongeza jambo moja: Valgrind. Endesha programu yako chini yake, na itakwambia pale uamuzi unapofanywa kwa thamani ambayo haijawahi kuandikwa. Ijenge kwa -O0, maana kuanzia -O1 deheni inaweza kuwa imeshapakwa, kama ile 1200 yangu, na hapo hata Valgrind haina cha kuona.

Swali

Bi Mwalimu, natumia CMake, ile programu ya kupanga ujenzi: Debug ni toleo la kutafutia makosa, Release ni la kupeleka kwa mteja. Toleo la Debug halitoi onyo, la Release linalalamika kwamba kigeu "jibu" hakitumiki, na mimi nakiona kinatumika mstari wa chini yake. Ni uboreshaji huo huo?

*Msomaji, Likoni*

Jibu

Sivyo, kaka, ingawa umefanana nao. CMake kwa GCC huweka -g kwa Debug, na -O3 pamoja na -DNDEBUG kwa Release. Hilo neno la mwisho ndilo lililokupata. Bila shaka mistari yako iko hivi:

    int jibu = fungua_sensa();
    assert(jibu == 0);

assert ni ukaguzi unaoisimamisha programu sharti lisipotimia; NDEBUG ikiwapo, assert yote hufutwa kabla kompaila haijaanza kusoma, kwa hivyo "jibu" kweli hakitumiki. Weka Release kwa -O0 ukitaka uhakika: onyo litabaki palepale maadamu NDEBUG ipo.

Usilizime kwa kuandika (void)jibu. Linakwambia kwamba kwenye mashine ya mteja, sensa ikikataa kufunguka, programu yako itaendelea kana kwamba imefunguka. Na shukuru uliuweka mwito kwenye mstari wake; ungeandika assert(fungua_sensa() == 0), sensa isingefunguliwa kabisa katika Release, na onyo lisingetoka. Andika if ya kawaida, rudisha kosa kwa aliyekuita, na assert ibaki kwa mambo ambayo yakitokea ni wewe uliyekosea hesabu.